Swali Ambalo Seva Haikulisikia

Vijana wa ofisini waliniomba niwaandikie. Waliniomba siku ya kuniaga, keki ikiwa bado haijakatwa, nami nikakubali ili tu tule. Sasa nimekaa nyumbani Kiganjo, kuku wa jirani wananichimbulia sukuma wiki, na nimegundua kwamba mtu aliyestaafu hana kisingizio. Basi naandika. Sitawaambia nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini, maana mambo hayo hayajamfundisha mtu kazi. Nitawaambia kuhusu miito yetu, yaani yale maombi ambayo ukurasa ulio kwenye kompyuta ya nesi hutuma kwa seva, ile kompyuta kuu inayotunza habari zote, na jinsi tulivyoibadilisha ili majibu yake yaweze kuwekwa njiani na kutumika tena. Na nitawaambia kuhusu Sista Wairimu wa kliniki ya Kiuu, kwa sababu kazi hiyo nzuri ilikaribia kumfukuzisha kazi yake.

Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vya kisigino, nikidhani nimeajiriwa kwenye ofisi. Kumbe ofisi ilikuwa chumba kimoja nyuma ya stoo ya dawa pale Ruiru, sakafu imepasuka na kila kitu kinanuka spiriti. Aliyenipokea ni Mzee Odhiambo. Alikuwa ametoka kwao Siaya akiwa kijana, akaja kutengeneza simu za viwanda vya Thika, na simu za waya zilipokufa akajifundisha kompyuta. Alinipa kiti, kikombe na onyo. Aliniambia kwamba hapa hatutengenezi programu, tunawabebea manesi maneno, na neno likianguka njiani kuna mtu ataumia. Mimi nilitoka chuoni na cheti kipya. Nilimwona mzee wa kutisha watu bure.

Kliniki zetu zilikuwa chache na zilitapakaa kati ya Thika na Ruiru: Kiuu, Kiganjo, Makongeni na nyingine ndogo ndogo, zote za mwenyewe mmoja. Zilikuwa zinasaidiana kwa dawa, kwa gari, na kwa mitungi ya oksijeni. Programu yetu ndiyo ilizifunga pamoja. Kila mwezi Mzee Odhiambo alinituma nikakae kwenye benchi la kliniki asubuhi nzima. Alisema nisiangalie skrini, niangalie mikono ya nesi. Nilinung'unika sana. Yaani mimi nimesoma miaka yote hiyo nije kukaa na watu wanaokohoa? Lakini nilikwenda, maana alikuwa na tabia ya kuuliza baadaye nesi alivaa saa mkono upi.

Miito yote alikuwa ameiandika kwa njia moja, POST. Kwa asiye wa kazi hii, nieleze. Ukurasa ukitaka kitu kwa seva unaweza kuuliza kwa GET, na hapo swali lote liko wazi kwenye anwani. Au unaweza kutumia POST, ambapo anwani ni moja tu na maneno yamefungwa ndani, kama barua kwenye bahasha. POST ni ya kuagiza: andikisha mgonjwa, toa dawa, futa. Hakuna mashine njiani inayothubutu kuweka jibu la POST, maana haijui ndani ya bahasha kuna nini, wala haijui kama kurudia jibu la asubuhi ni msaada au ni balaa. GET ni ya kuuliza tu. Haibadilishi kitu, kwa hivyo brauza, ile programu inayofungua kurasa, au mashine iliyo katikati, inaweza kulishika jibu na kulitoa tena mwingine akiuliza lile lile. Ushikaji huo ndio kache.

Kliniki zilipokuwa mbili, bahasha hazikumsumbua mtu. Zilipoongezeka tuliteseka. Seva yenyewe ilikuwa imekodishwa ng'ambo. Kliniki zilifika kwetu Ruiru kwa antena za paa, na kutoka Ruiru kulikuwa na laini moja tu ya kwenda nje, ambayo kila mchimba mitaro wa kaunti aliiwinda kwa jembe. Ikibaki na nguvu kidogo, ungemwona nesi Kiuu amekaa, mkono shavuni, anasubiri orodha ya dawa ambayo haijabadilika tangu Jumatatu. Mwenzake wa chumba cha pili naye anasubiri orodha ile ile. Kuuliza si ujinga, hilo nakubali, lakini kuuliza kitu kimoja siku nzima na kusafirishiwa jibu kutoka ng'ambo kila mara ni ujinga kidogo.

Mzee Odhiambo alistaafu akarudi kwao, na badala yake nikaletewa Kevo, kijana wa Githurai. Alikuwa na vipokea sauti masikioni toka asubuhi hadi jioni na nilidhani hanisikii. Alikuwa ananisikia vizuri sana. Wiki yake ya kwanza alitazama miito ikipita, akatoa kipokea sauti kimoja sikioni na kuniambia, "Mathe, hii system inajitesa bure." Hakuna aliyewahi kuniita Mathe, yaani mama, ofisini. Nilitaka kumkaripia, lakini alikuwa amesema ukweli, tukaanza kazi.

Tulichora mstari katikati ya ubao. Kushoto maswali, kulia maagizo. Kila mwito tuliujaribu kwa kipimo alichonifundisha Mzee: ukirudiwa mara nyingi, kuna kitu chochote kitakachobadilika? Kama hakuna, nenda kushoto, utakuwa GET. Kama kipo, baki kulia na bahasha yako.

Lakini kubadilisha jina la njia hakutoshi, na hapa vijana mnisikie. Ukurasa mmoja ulikuwa unataja dawa kwanza halafu kiasi, mwingine kiasi kwanza halafu dawa. Kwa binadamu hilo ni swali moja. Kwa kache ni anwani mbili, na itaweka majibu mawili bila aibu. Tukaamua vipengele vyote vya swali vipangwe kwa alfabeti, kila mara. Kwingine mtu fulani, simtaji kwa sababu bado mnakula naye chakula cha mchana, alikuwa amebandika saa na dakika mwishoni mwa kila swali, ati ili jibu liwe freshi. Maana yake kila swali lilionekana jipya na kache haikuwahi kufanya kazi hata siku moja. Orodha ya dawa tuliipa mhuri: brauza ikirudi inauliza tu kama mhuri ni ule ule, seva inasema ndio, na orodha nzima haisafiri tena. Mambo ya mgonjwa mwenyewe, vipimo vyake na ugonjwa wake, tulikataza yasishikwe popote njiani, maana siri ya mama mmoja haifai kukaa mahali mama mwingine anaweza kuiokota.

Kisha tuliondoa jina la anayeuliza kwenye maswali ya pamoja. Orodha ni ile ile, aulize Kiuu au aulize Makongeni. Ukiliweka jina la kliniki ndani ya anwani, kila kliniki inashikiwa jibu lake peke yake na faida imepotea. Kevo alilisimamia jambo hili kwa bidii, na kwa sheria za kazi yetu alikuwa sahihi kabisa.

Kati ya miito hiyo kulikuwa na mmoja ulioitwa angaliaMtungi. Kliniki ikiishiwa oksijeni, nesi anafungua ukurasa na kuona ni kliniki gani nyingine kati ya zetu iliyo na mtungi wa ziada, kisha anatuma gari. Mwito huo tuliusoma mstari kwa mstari, mimi na Kevo, kichwa kwa kichwa. Ulitafuta mitungi iliyo wazi, yaani isiyotumika, ukarudisha majibu. Kabla ya kurudisha, uliandika kwenye logi nani aliyeuliza. Logi ni yale maandishi ambayo seva hujiandikia kuhusu aliyepita. Kila seva inayo, na hakuna fundi anayeihesabu kuwa ni badiliko. Tukaupeleka kushoto. Kwa kuwa mitungi huhama, tuliruhusu jibu lake likae kwenye kache, kwenye mashine yetu ya katikati pale Ruiru, dakika chache tu.

Tulipowasha, jameni, ilikuwa raha. Kurasa zilifunguka kabla nesi hajaondoa kidole. Sista Wairimu mwenyewe alinipigia simu kutoka Kiuu, akaniita Mama Kuria kama kawaida yake, na kusema Mungu atubariki. Wairimu hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa mama mnene, mkali, mwenye sauti ya kwaya, na akina mama wajawazito wa Kiuu walikuwa wanangoja zamu yake hata kama uchungu umeanza. Kevo aliposikia sifa hizo alijinunulia chipsi mwitu, zile za kukaangwa barabarani, na hakunigawia.

Halafu ikaja asubuhi moja ya mvua. Msichana anayeitwa Nafula, aliyekuja kutoka Bungoma kumfuata mumewe wa kiwandani, alijifungua Kiuu kabla ya wakati. Mtoto alikuwa mdogo na pumzi yake ilikuwa ya kuhesabu. Wairimu alimwekea oksijeni, akaangalia kipimo, akaona mtungi unakaribia kuisha. Akafungua ukurasa. Kulikuwa na mtungi mmoja wa ziada, Kiganjo, uko wazi. Akamwambia Nafula asiogope, ameshauliza na mtungi unakuja. Akatuma dereva na kurudi kwa mtoto.

Dereva alipanda mpaka Kiganjo kwenye mvua ile na kukuta mtungi umeondoka. Makongeni walikuwa wameuchukua kwa mgonjwa wa pumu, na mrija wake ulikuwa tayari puani kwake. Habari ilipomfikia Wairimu, alifunga mtoto kwa blanketi, akaingia kwenye gari la jirani, na kumpulizia hewa kwa mkono, kwa ule mpira wa kubana, barabara yote hadi hospitali kubwa. Mtoto aliishi. Nalisema mapema kwa sababu mimi mwenyewe sipendi kusubirishwa. Alikaa huko siku nyingi, akaongeza uzito, akaruhusiwa.

Shida ilibaki kwa Wairimu. Matroni wa kliniki zetu, mkuu wa manesi wote, mama wa haki asiyependa maneno mengi, aliuliza ofisi yetu swali moja: asubuhi ile, Kiuu waliuliza mtungi? Nikafungua logi. Makongeni walikuwa wameuliza, hapo palionekana wazi. Kiuu hapakuwa na kitu. Nilimjibu hivyo, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Basi ikawa kwamba Sista Wairimu alimtuma dereva bila kuuliza, akapoteza muda ambao angeutumia kutafuta mtungi Ruiru mjini, ambako ulikuwepo, tena karibu. Na juu ya hayo akamdanganya mama wa mtoto. Alitumwa nyumbani angoje kamati. Kwa nesi, kusimamishwa kwa uzembe ni kumalizwa, hakuna atakayemchukua tena. Nafula naye alipopata habari alikwenda mpaka mlangoni kwake na kumuuliza kwa nini alimwambia uongo.

Hilo la kumwambia uongo ndilo lililonikatalia. Nilikuwa nimekaa kwenye mabenchi ya kliniki muda mrefu. Ningeweza kuamini kwamba Wairimu amesahau, sote tunasahau. Lakini kumwambia mzazi ameshauliza wakati hajauliza? Huyo hakuwa Wairimu ninayemjua.

Nikamchukua Kevo tukamtembelea Jumamosi mchana. Alikuwa anakaa kwenye ploti ya vyumba vya kupanga pale Kiuu, nguo za majirani zikining'inia mpaka mlangoni. Alitukaribisha vizuri, akatupa chai na mandazi, kama desturi, lakini sauti ya kwaya haikuwepo. Kevo alivua vipokea sauti bila kuambiwa. Nikamuuliza Wairimu anieleze asubuhi ile polepole. Akasema alifungua ukurasa, akaona mtungi, akamtuma dereva.

Nikamuuliza kama aliwapigia Kiganjo simu kuwaambia wamwekee.

"Kwa nini nipige?" akasema. "Si nimeshauliza? Mama Kuria, nikija kwako niulize uko na chumvi, nawe useme iko, utampa mwingine nikiwa bado mlangoni? Mtu haulizi chumvi ya kuangalia. Nikiuliza mtungi, huo ni wangu mpaka niuchukue au niseme siutaki. Tumefanya hivyo miaka yote."

Nilitoka nje kwenye zile nguo nikampigia Mzee Odhiambo. Alikuwa shambani kwake, nikamsikia akimfukuza mbuzi. Nilimweleza yote, nikamsomea na mwito wenyewe kutoka kwenye simu yangu. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaniuliza, kwa ule upole wake wa kuudhi, kama kwenye mabenchi yale nilikuwa nalala.

"Manesi hawaombi mara mbili, Nyambura," akasema. "Akishauliza amemaliza. Ningewawekea kitufe cha kuomba, wasingekigusa. Kwa hivyo nilifanya kuuliza kwenyewe kushike mtungi. Seva inaandika nani ameuliza, halafu wengine wakiuliza inasoma yale maandishi na kuwaambia mtungi umeshikwa. Niliupa jina wanalosema wao, kuangalia."

Nikarudi ndani nikamweleza Kevo. Alikuwa na kikombe mkononi. Akakiweka chini.

"Mathe," akasema, "si tulitoa jina la kliniki kwa anwani?"

Tulikuwa tumelitoa. Makongeni waliuliza kwanza, swali lao likafika kwenye seva, seva ikawatambua kwa kompyuta iliyouliza, ikawaandika na kuwashikia mtungi. Jibu lile, kwamba Kiganjo upo na uko wazi, likakaa kwenye kache yetu Ruiru. Muda mfupi baadaye Wairimu akauliza swali lile lile, kwa anwani ile ile, na kache ikampa jibu la Makongeni, haraka kabisa, kama tulivyoifundisha. Zamani seva ingemwambia umeshikwa, naye angetuma gari mjini Ruiru. Safari hii seva haikujua hata kwamba ameongea. Nilimweleza Wairimu hivyo hivyo, polepole, pale pale kwenye kiti chake. Alitikisa kichwa kwa heshima tu. Niliona hajashika hata nusu.

Jumatatu nilimwendea mkurugenzi wa kliniki zetu. Alinisikiliza vizuri, halafu akapendekeza jambo ambalo bado linanichemsha nikilikumbuka. Alisema habari za kache ni ngumu kwa kamati, zitawachanganya, na zinaweza kufanya watu waogope programu nzima. Kwa nini Sista asisamehewe tu? Apewe onyo, arudi kazini, mambo yaishe kimya kimya. Nilikasirika, tena sikujificha. Nilimwambia unamsamehe mtu kwa kosa alilofanya. Wairimu hakuwa na kosa la kusamehewa, na onyo hilo lingekaa kwenye faili lake mpaka azeeke. Mkurugenzi akasema basi mimi mwenyewe nikawaeleze, na kama hawataelewa, shauri yangu.

Kevo njiani aliniuliza kama atafukuzwa. Nilimwambia kazi ilisomwa na watu wawili, na mmoja wao ana mvi, kwa hivyo atulie. Akatulia kiasi cha kurudisha kipokea sauti sikio moja.

Kabla ya siku ya kamati tulirekebisha. Wengine ofisini walitaka kache yote izimwe, turudi kwenye bahasha peke yake. Nilikataa, na nawaomba nanyi mkatae siku ikifika, maana itafika. Orodha ya dawa haikumdhuru mtu. Tuliuchukua mwito mmoja tu, tukaupa jina lake la kweli, ombaMtungi, tukaurudisha kulia, POST, usishikwe na mashine yoyote. Manesi hawakuambiwa wabonyeze kitu kipya. Wanauliza kama wanavyouliza siku zote, na kuuliza kunashika. Tena tulipoupima tuliona jambo ambalo hatukulitarajia: ulikuwa unafika upesi kuliko zamani, kwa sababu yale maswali mengine yote hayako tena kwenye laini yakiuzuia. Nadhani hiyo ndiyo faida kubwa ya kache. Unawaondoa barabarani wasio na safari, ili mwenye safari apite. Na kama mnataka kujua nani yuko kwenye kundi gani, jina la mwito halitawaambia, wala mistari yake peke yake. Nendeni mkakae kwenye benchi.

Kamati ilikaa kwenye chumba cha mikutano cha Makongeni. Matroni alikuwa katikati, mkurugenzi pembeni akiangalia simu. Wairimu alikaa kwenye kiti cha peke yake na sare yake imepigwa pasi, ingawa alikuwa amesimamishwa. Nafula alikuja pia, mtoto amelala mgongoni. Hakumsalimu Wairimu.

Sikuwaambia neno kache. Niliweka kompyuta mbili mezani, zikitumia programu kama ilivyokuwa asubuhi ile, na ukutani nikaonyesha kile ambacho seva inakisikia. Nilimwomba Kevo awe Makongeni. Akauliza mtungi. Ukutani ukatokea mstari: Makongeni wameuliza. Kisha nikamwomba Matroni mwenyewe awe Kiuu. Akavaa miwani, akabonyeza, jibu likaja mbele yake: Kiganjo, mtungi mmoja, uko wazi. Sote tukatazama ukutani. Mstari ulikuwa ule ule mmoja.

Matroni akangoja. Akabonyeza tena, kwa nguvu kidogo. Jibu likaja tena kwenye skrini yake, na ukutani hapakuongezeka kitu.

"Lakini mimi nimeuliza," akasema Matroni.

Nilimwona anageuza macho polepole kutoka ukutani mpaka kwa Wairimu, na mimi nikafunga mdomo, jambo ambalo wenzangu watawaambia si kawaida yangu. Baadaye nilieleza yote, jinsi jibu linavyoshikwa na kwa nini, na kwamba tumesharekebisha. Waliuliza maswali machache na yalikuwa ya akili. Mkurugenzi aliweka simu chini. Matroni akavua miwani, akamwambia Wairimu mbele ya watu wote kwamba hakuwa na kosa, kwamba arudi kazini kesho yake, na kwamba ofisi inamwomba radhi. Kisha akamuuliza kama ana neno la kusema.

Nilidhani atafoka. Mimi ningefoka. Wairimu alitazama mikono yake juu ya magoti.

"Kila nikifumba macho najiona pale mbele ya kompyuta," akasema. "Mwanzoni nilijiona nikibonyeza. Halafu siku zilivyokwenda, nikawa najiona nimesimama tu, mikono haijagusa kitu. Mama Kuria, hata ulipokuja na ile habari yako ya mashine, nilijua unanionea huruma. Mimi nilikuwa nimeshaamini kwamba sikuuliza."

Nafula aliinuka, akamfungua mtoto mgongoni, akavuta kiti na kukaa karibu na Wairimu.